Nilivyomtafsiria Mama Bomani

Mdogo wangu aliuawa na mnyororo. Zama zile za mashamba ya karanga, upande wa Nachingwea misitu iliangushwa kwa trekta mbili zilizovuta mnyororo mmoja mnene kati yao, ukang'oa kila mti uliokuwa njiani. Yeye hakuendesha trekta. Kazi yake ilikuwa kutembea nyuma, na mnyororo ukinasa kwenye kisiki, aunasue. Mwajiri wake alikuwa mkandarasi mdogo tu, Mzungu mwenye trekta mbili kuukuu na kambi ya mahema upande wa Mkotokuyana. Asubuhi moja mnyororo ulikatika ukiwa umekazwa, ncha yake ikarudi kwa nguvu na kumpiga kifuani. Wenzake waliniambia hakutoa sauti. Sijui kama walisema kweli au walinihurumia.

Mimi nilikuwa nimeolewa Ruangwa. Mume wangu alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la duka la Mhindi, na hapo barazani, nikimsaidia kushona vifungo na kupokea wateja, ndipo nilipojifunza Kiswahili. Sikukaa darasani hata siku moja. Kiswahili changu kilikuwa cha bei, cha kipimo, cha bega na kiuno, cha njoo kesho nguo itakuwa tayari. Nyumbani kwetu Malolo tulisema Kimwera, na mama yangu hakujua lugha nyingine. Kiswahili alikisikia msikitini na gulioni, akajibu kwa kichwa.

Habari ilipotufikia tulikuwa tumechelewa. Tulifika kambini siku ya tatu, mama na mimi, mwanangu wa kunyonya mgongoni. Walikuwa wamekwisha kumzika. Nyapara, mtu wa makamo mwenye heshima, alitupeleka mpaka kwenye kaburi, akasimama mbali kidogo. Alisema joto lilikuwa kali, wasingeweza kungoja. Alisema mkandarasi alitoa sanda na mbao, na Waislamu wa kambi walimsalia. Mama aliuliza, kupitia kwangu, nani alimwosha. Nyapara akamtaja mpishi wa kambi kwa kabila lake na kwao, akasema ni mcha Mungu. Mama akaitikia kwa kichwa. Kisha akauliza kama ule mfuko wa unga aliomletea mwanawe juzijuzi ulikuwa umekwisha.

Lazima niueleze huo unga, maana ndio uliotufikisha tulipofika.

Kambini walipewa posho: unga mweupe wa mahindi na maharagwe ya gunia. Mdogo wangu tangu utotoni tumbo lake lilikataa mahindi. Alikula ugali wa mtama, na kwa kitoweo kunde au choroko. Aliporudi nyumbani mwisho wa mwezi wake wa kwanza wa kazi, amekonda, mama alimtazama. Mwezi uliofuata alitwanga mtama, akausaga, akajitwika kichwani, akatoka Malolo mpaka kambini kwa miguu, akilala njiani kwa watu. Alifanya hivyo mara tatu kabla mwanawe hajafa. Wenzake kambini walimcheka kwamba mtu mzima analetewa chakula na mama. Yeye alicheka pamoja nao na kula. Alikuwa mtu mwepesi, asiyeona haya kupendwa.

Wala si kwamba hakuleta kitu nyumbani. Alileta chumvi, sukari, jembe jipya, na kaniki mbili. Alilipa kodi ya serikali kwa nyumba ya mama. Alimnunulia sufuria kubwa ambayo mama hakuipikia, aliiweka tu pale watu wanapoiona. Lakini ungemwuliza mama nani anamlisha, angekuonyesha shamba lake. Baba alifariki tukiwa wadogo. Kuna mjane aliyerudi kwa kaka zake na kuwekwa kwenye kona ya uwanja wa mtu mwingine. Mama hakurudi. Alilima peke yake, akatulea, na jambo alilojivunia mbele ya watu lilikuwa moja tu, kwamba hajala cha mtu.

Tuliporudi kutoka kaburini maneno yalikwisha kuanza. Wakati ule watu kwetu waliziogopa sana zile mashine, na vijana waliokufa huko walisemwa kwa namna mbaya. Ilisemwa kwamba Wazungu wanalipia kichwa cha mtu, na kwamba wapo wazazi waliokwenda kukubaliana nao bei kwanza, mtoto akafa baadaye. Mtu akionekana na bati jipya juu ya nyumba baada ya msiba, midomo ilianza. Mama yangu aliyasikia hayo kisimani. Aliacha kwenda kisimani saa za watu.

Miezi miwili ikapita, tarishi akaja Malolo na barua kutoka boma la Nachingwea. Mama wa marehemu aitwa mbele ya Bwana Shauri, kama tulivyomwita Mzungu wa bomani. Mama akatuma mtu Ruangwa kunifuata, na barua mkononi. Mume wangu alisomewa ile barua na mwenye duka, akaniambia, "Ni habari ya fidia. Kuna sheria sasa. Mtu akifia kazini, mwajiri analipa."

Mimi neno fidia nililijua la Ramadhani tu. Mwaka ule sikufunga kwa sababu ya kunyonyesha, na mwalimu wa chuo cha Kurani alisema baadhi ya watu hutoa fidia, chakula cha maskini, kwa siku walizokula. Kwa hiyo nilivyomwelewa mume wangu, mkandarasi alikuwa anatoa kitu kufuta dhambi. Nilimweleza mama hivyohivyo, njiani. Tukaenda mwendo mrefu. Kisha akasema, "Basi wamekiri kwamba ni dhambi." Akaendelea kutembea.

Ningekuwa nimelijua lile neno sawasawa, huenda yote yangekwenda vingine. Au yasingekwenda. Nimewaza hilo miaka mingi.

Bomani tulikaa kwenye benchi ya nje tangu asubuhi hadi adhuhuri. Karani alikuwa kijana wa pwani ya mbali, shati jeupe, kalamu mbili mfukoni. Alitoka akauliza, "Bibi anajua Kiswahili?" Nikasema hajui. Akaguna. Mkalimani wao wa Kimwera alikuwa amefuatana na msafara wa kesi ya mipaka, hatarudi wiki ile. "Wewe nani wake?" "Mimi bintiye." "Unasikia Kiswahili vizuri?" Nikasema nasikia. Sikusema uongo. Nilikuwa naongea naye, na yeye ananielewa, nikadhani hicho ndicho Kiswahili.

Ndani palikuwa na meza kubwa na Bwana Shauri mwenyewe nyuma yake, mtu mwenye ngozi iliyobabuka na jua, mtaratibu. Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Hilo lilinitisha. Mkandarasi hakuwapo, alikuwa ameleta karatasi tu. Mama aliapishwa, akashika msahafu kwa mikono miwili, na nikaapishwa mimi pia kwamba nitatafsiri kweli bila kuongeza wala kupunguza. Mwanangu alikuwa amelala mgongoni. Nakumbuka nilimshukuru Mungu kwa hilo, kana kwamba hatari ya siku ile ilikuwa kilio cha mtoto.

Bwana Shauri aliuliza kama marehemu alikuwa na mke. Hakuwa naye. Watoto? Hakuwa nao. Baba? Amefariki. Mama alijibu, nikasema, karani akaandika. Yalikwenda vizuri, nikaanza kutulia. Kisha Bwana Shauri akaweka kalamu chini akasema, polepole, ili nielewe:

"Mwulize mama, je, alikuwa akimtegemea marehemu? Kwa maisha yake. Alikuwa tegemeo lake?"

Neno hilo sikuwa nalo kwa Kimwera. Kutegemea, kwa ninavyokijua Kimwera changu, ungeweza kulisema kama kuegemea, vile mtu anavyoegemea ukuta, na hilo lilikuwa upuuzi. Au ungeweza kusema kulishwa. Nikachukua kulishwa. Nikamwuliza mama, mbele ya Mzungu na karani na askari aliyesimama mlangoni, kama mwanawe ndiye aliyekuwa akimlisha.

Alinyooka kwenye kiti. Nilimwona akinyooka na nikajua nimemgusa pabaya.

"Mwambie," akasema, "mimi sijala chakula cha mtoto. Mimi ndiye niliyemlisha, hata huko kwao porini nilimpelekea. Unga aliokula siku aliyokufa ulitoka kwenye shamba langu. Wamwulize nyapara. Mimi sikumtuma mtoto wangu kazini ili nile."

Akaniangalia akingoja niseme. Macho yake yalikuwa makavu. Nilielewa kwamba alidhani ameulizwa lile la kisimani. Alidhani watu wazima hawa, na msahafu wao na kalamu zao, wamemwita kutoka Malolo ili wamwulize kama alikula kichwa cha mwanawe, na sasa amepata mahali pa kulijibu, mahali panapoandikwa.

"Anasemaje?" Bwana Shauri akauliza.

Mimi nilikuwa nimeapa. Na hata kiapo ukikiweka kando, nisingeweza kumgeuzia mama maneno hali ananitazama usoni. Angejua. Hakujua Kiswahili, lakini alijua urefu wa alichosema, na alinijua mimi. Nikasema yote, kama alivyosema, na sehemu ya unga nikaisema vizuri zaidi kwa sababu maneno ya unga na shamba nilikuwa nayo.

Karani aliacha kuandika akanitazama. Bwana Shauri aliichukua tena kalamu yake. Akauliza tena, na ninaamini alitaka kutusaidia. "Hakumpa kitu chochote? Fedha, nguo?"

Nikajibu bila kumgeukia mama. "Alimletea kaniki, bwana. Na jembe. Na kodi alilipa yeye."

"Nakuuliza wewe, au ninamwuliza mama?"

"Unamwuliza mama, bwana."

"Basi mwulize."

Nikamwuliza. Nilitafuta namna ya kumdokezea, nikamkumbusha kaniki, nikamkumbusha sufuria. Mama akasema, "Hizo ni zawadi. Mtoto akikuletea zawadi, ndiyo amekulisha? Mwambie ni zawadi, na jembe nitalirudisha wakilitaka." Nikasema ni zawadi. Hilo la jembe sikulisema. Ndilo peke yake nililopunguza siku ile.

Walimsomea maneno yake kwa Kiswahili, mimi nikayarudisha kwa Kimwera, na kwa kila sentensi alikubali kwa sauti. Akatia dole gumba. Bwana Shauri alieleza kwamba sheria inamlipa yule aliyekuwa akiishi kwa jasho la marehemu, na kwamba kwa ushahidi huu hakuna mtu wa namna hiyo. Zilizobaki ni gharama za mazishi, nazo mkandarasi alikwisha kuzitoa, sanda na mbao. Alisema pole. Alilisema kwa Kiswahili na akasimama alipolisema. Sina la kumlaumu.

Mama alitoka pale akiwa mwepesi. Sikuwa nimemwona mwepesi vile tangu msiba. Njia nzima ya ua wa boma alitembea mbele yangu. Karani alitufuata hadi kwenye mti wa kivuli, akanivuta pembeni.

"Dada, umefanya nini?"

"Nimesema alichosema."

"Ungesema tu ndiyo. Neno moja. Bibi huyu angelipwa fedha za kumtosha miaka. Wenzake wote wanasema ndiyo."

"Niliapa."

"Wote wanaapa," akasema. Hakusema kwa ubaya. Aliniangalia kama mtu anavyomwangalia mtoto aliyevunja kitu cha thamani bila kujua bei yake.

Nilimwomba anirudishe ndani. Akasema haifai, maneno yamesomwa, yametiwa dole. Mama akirudi kusema vingine, moja kati ya hayo mawili litakuwa uongo wa kiapo, na hilo lina kifungo. Nikauliza na mimi je, nikisema nilitafsiri vibaya? Akafikiri. Akasema, "Basi utafungwa wewe. Na mtoto huyo mgongoni." Kisha akarudi ndani, na ninadhani alisikitika, maana kofia aliyokuja nayo aliisahau pale chini ya mti akairudia baadaye bila kutuangalia.

Nilimwambia mama? Sikumwambia. Tulilala njiani kwa watu, kesho yake tukafika. Alipofika Malolo alikwenda kisimani jioni, saa ya watu wote. Nilisikia baadaye kwamba aliwasimulia kila neno, jinsi alivyoulizwa na serikali na alivyojibu, na kwamba yameandikwa.  Yale maneno ya kichwa cha mtu yalikoma kwake kuanzia siku ile. Niliporudi Ruangwa nilimweleza mume wangu yote. Alisimamisha mguu juu ya cherehani. Hakunigombeza. Alisema, "Sasa nani atamwendea mama akizeeka?" Nikasema sisi. Akasema, "Ndiyo," akaendelea kushona, na mimi nilijua hesabu ya barazani pale vizuri kuliko yeye, nikajua ile "ndiyo" yake haikuwa na fedha nyuma yake.

Mwaka wa pili wake mvua ilikatika mapema. Mama alivuna kidogo sana. Nilimpelekea nilichoweza. Alikipokea kama mgeni anavyopokea, kwa shukrani nyingi mno. Na ndio mwaka aliokutana, kwenye arobaini ya jamaa yetu, kijijini Nambilanje, na mama mwenziwe aliyepoteza mwana kwenye kazi ya reli. Mama huyo alikuwa akienda bomani kila mwezi kupokea fidia ya mwanawe. Waliongea, wote wawili kwa Kimwera, bila mkalimani.

Alipita kwangu Ruangwa akitokea huko. Alikaa kwenye kigoda, hakula. Akaniuliza, "Siku ile, ulijua?"

"Sikujua kabla. Nilijua tulipotoka nje."

"Na waliniuliza nini hasa?"

Nikajaribu kumweleza. Nikamweleza kutegemea, nikashindwa tena, nikazunguka. Mwishowe nikasema, waliuliza kama utapata shida kwa kuwa hayupo.

 Cherehani lilikuwa likilia barazani. "Hivyo ndivyo walivyouliza?"

"Karibu na hivyo."

"Ungeniuliza hivyo," akasema, "ningejibu."

Hakulia wala hakunilaumu. Ningefurahi angenilaumu. Alifunga upya khanga yake, akaomba maji, akaondoka kabla jua halijachwea kwa sababu alitaka kuwahi kupalilia.

Nilikwenda tena bomani miaka kadhaa baadaye, peke yangu. Karanga zilikuwa zimekwisha shindikana, wakandarasi wameondoka, trekta nyingine zimeachwa zinaota kutu. Bwana Shauri alikuwa mwingine, kijana zaidi. Karani pia mwingine. Nilisema nataka maneno ya mama yaangaliwe upya, na kwa kweli Kiswahili changu wakati ule kilikuwa kimekomaa, kiasi cha kuwatafsiria watu gulioni. Walilitafuta faili muda mrefu, wakalipata. Bwana Shauri yule alinisomea lote. Nilisikia sauti ya mama yangu ikisemwa na Mzungu kwa maneno yangu mimi, Kiswahili kile cha vifungo na vipimo: unga aliokula siku aliyokufa ulitoka kwenye shamba langu. Chini yake palikuwa na dole la mama, na chini zaidi wameandika mkalimani ni dada wa marehemu.

"Kuna uongo hapa?" akaniuliza.

Nikatafuta. Nilitaka uwepo, hata kidogo, hata wangu.

"Hapana, bwana."

"Sasa unataka nifanye nini?"

Niliona kwamba anauliza kweli, kwamba kama ningekuwa na jibu angelifikiria. Nilisimama pale na Kiswahili changu chote. Nikasema ninashukuru kwa kunisomea. Akalifunga faili, akamwita mtu mwingine aliyekuwa akingoja.

Nilifika Malolo kesho yake saa za mchana. Mama alikuwa shambani, amepiga magoti kwenye tuta kwa sababu mgongo haukumruhusu tena kuinama amesimama. Aliuliza kama nimepitia dukani, kama nimeleta chumvi. Nikamwambia nimeleta. Nikavua viatu, nikaingia kwenye tuta la pili, tukapalilia mpaka jua lilipopungua.